Shajara ya mradi: sabufa (spika kubwa ya besi) ya inchi 12 na amplifaya kwenye Probox, Kigoma

31 Agosti 2024

Nimeanza leo. Nitaandika kila hatua na bei yake ili mwenye gari kama langu akitaka kuiga ajue pa kupita. Gari ni Toyota Probox, la kazi. Linabeba magunia ya dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi, siku za soko linapanda Kasulu, Jumapili linabeba watoto. Spika ni zile mbili za mlangoni lililokuja nazo kutoka Japani. Redio nilishaibadilisha zamani, maana ile ya Kijapani masafa yake ya FM yanaishia 90 na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Redio mpya ina tundu za RCA nyuma (za waya wa kupeleka sauti kwenye amplifaya), zimeandikwa SUB, hivyo upande huo sina gharama.

Ninachotaka ni kusikia gitaa la besi. Nimekulia Ujiji, nyumba ambayo rumba ilipigwa kila jioni, na besi nilikuwa naisikia inatembea chini ya wimbo kama mtu anayepiga hatua chumba cha pili. Ndani ya gari mwimbaji yupo, solo lipo, tumba zipo, besi haipo. Sitaki kishindo cha kutikisa vioo vya majirani wa Mwanga. Nataka noti moja moja, nizihesabu.

Kwa sababu hiyo nimechagua boksi lililozibwa pande zote, si lenye tundu. Lenye tundu hutoa kelele nyingi zaidi kwa wati zilezile, lakini vipimo vyake vikikosewa kidogo besi inavuta mkia, noti inaingia ndani ya noti. Lililozibwa linamvumilia seremala, na sauti yake inakatika pale inapotakiwa kukatika.

Sabufa nimeipata mtumba kwa kijana mmoja wa Gungu, 130,000. Ina koili mbili (nyaya zilizozungushwa zinazosukuma koni) za omu 4, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Kabla ya kutoa hela nilipima kila koili kwa mita: 3.4 na 3.5, sawa kabisa, kwa kuwa mita husoma chini kidogo ya namba iliyoandikwa. Kisha nikabonyeza koni kwa vidole vya mikono yote miwili, taratibu, sikio karibu. Ikikwaruza, koili imeungua au imepinda, ondoka. Hii ilishuka na kupanda kimya.

Amplifaya ni mpya, ya chaneli moja, imekuja kwa basi kutoka Dar, 165,000 pamoja na usafiri. Kwenye kasha wameandika wati 1000. Usisome hapo, soma fyuzi zake. Hii ina fyuzi mbili za ampea 25, jumla 50. Zidisha 50 kwa volti 13.8 za gari linalonguruma, unapata wati 690 zinazoweza kuingia. Amplifaya za daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, hupoteza kama sehemu moja ya tano kwa joto, kwa hiyo zinazotoka haziwezi kuzidi 550 hivi. Kwa kazi yangu zinatosha na kubaki.

18 Septemba 2024

Mwezi mpevu, dagaa hawavuliwi kwenye mwanga wa mwezi, mitumbwi imelala ufukweni, nimepata siku mbili za boksi.

Nusu shiti ya MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa) ya mm 18 ni 55,000, seremala kukata kwa mashine 15,000, gundi ya mbao na skrubu 9,000. Vipimo vya ndani: sm 38 kwa 34, kina sm 27. Hizo ni lita 34.9. Sabufa yenyewe inakula kama lita mbili na nusu, zinabaki 32, ambazo kwa inchi 12 ya boksi lililozibwa ni kipimo cha kawaida. Tundu la spika sm 28. Usikate tundu kwa kipimo cha mtandaoni. Weka spika yako juu ya karatasi, pima mwili wake, ndipo ukate.

Kosa la kwanza lilikuwa hapa. Seremala alipiga skrubu kwenye ukingo wa MDF bila kutoboa kwanza, na ukingo ukapasuka kama mkate mkavu sehemu mbili. Tulijaza gundi, tukabana usiku kucha kwa kamba ya katani na vipande vya mbao, nikadhani tumemaliza. Kumbe kulikuwa na uvujaji. Niliugundua hivi: nilifunga sabufa, nikaibonyeza koni ndani na kuiachia. Boksi lililozibwa vizuri huifanya koni kuwa ngumu kubonyezeka, kwa sababu hewa iliyobanwa ndani haina pa kutokea. Yangu, nilipoisukuma taratibu, ilizama kirahisi. Nikawasha kijiti cha udi nikakipitisha kwenye kila kiungo huku mke wangu akibonyeza na kuachia koni. Kwenye kona ya chini kushoto moshi uliokuwa ukipanda sawasawa ukaanza kuruka pembeni kila alipobonyeza. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko unywele. Nilipaka silikoni ndani kwenye viungo vyote, si ule mmoja tu, nikaacha saa 24. Jaribio la pili koni ilikataa kuzama kirahisi.

Nje nimepaka vanishi mara tatu (8,000), kingo mara tano. MDF ikinywa maji huvimba na hairudi, na buti langu linaingia magunia yaliyotoka ziwani. Juu yake kapeti, 12,000.

22 Septemba 2024

Siku ya nyaya. Nilinunua seti iliyofungwa tayari, 40,000: waya mwekundu mnene, mweusi, RCA, kishikio cha fyuzi. Hela hiyo imepotea, nitaeleza.

Waya mkuu umetoka kwenye betri ukapita kwenye raba ya ukutani kati ya injini na kabini, chini ya kapeti, hadi nyuma. Usipitishe waya kwenye tundu la bati tupu bila raba. Mtetemo utaukata ganda na hapo ni moto. Fyuzi kuu iwe karibu na betri, isizidi sm 45. Kazi yake ni kulinda waya, siyo amplifaya, na waya usio na fyuzi kati yake na betri hauna mlinzi.

Nikawasha. Sabufa inanong'ona tu. Koni inasogea kama inapumua usingizini, sauti hakuna. Nilihangaika saa mbili na redio na vitufe vya amplifaya. Kosa lilikuwa kwangu: koili ya pili niliiunga kinyume, chanya kwa hasi. Koili moja inasukuma, nyingine inavuta, zinauana. Dawa ni betri ndogo ya saa ya ukutani, ya volti 1.5. Gusisha ncha zake kwenye koili, chanya kwa chanya: koni lazima iruke nje. Fanya hivyo kwa kila koili, weka alama kwa kalamu nyekundu, ndipo uziunge sambamba, chanya zote pamoja na hasi zote pamoja. Zangu mbili za omu 4 zikiwa sambamba zinatoa omu 2, na amplifaya yangu inaruhusu 2. Kama yako hairuhusu chini ya 4, usiziunge hivyo, utaiunguza.

23 Septemba 2024

Saa kumi na moja alfajiri, nakwenda Kibirizi, gari haliwaki. Betri imekufa. Gari ni la otomatiki, halisukumwi likawaka, kwa hiyo mteremko wote ule wa Mwanga haukunisaidia kitu. Nilimwamsha jirani mwenye Noah tukaunga nyaya za kuamshia. Mzigo wa asubuhi ulinipita.

Waya mwembamba wa kuamsha amplifaya nilikuwa nimeuunga kwenye waya wa njano nyuma ya redio. Wa njano una umeme saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Unaotakiwa ni wa bluu wenye mstari mweupe, ambao redio inautia umeme pale tu inapowashwa. Taa ya kijani ya amplifaya ilikuwa inawaka usiku mzima chini ya kapeti nami sikuiona. Kila ukimaliza kazi, zima gari, toa ufunguo, nenda nyuma ukaangalie taa hiyo kwa macho yako.

29 Septemba 2024

Kwa sauti ya kati mambo mazuri. Nikiongeza, taa ya amplifaya inageuka nyekundu na sauti inakata. Usiku taa za mbele zinafifia kila besi ikipiga. Nilimpelekea fundi umeme wa magari wa hapa Mwanga. Hakugusa kitu kwanza. Aliomba kisu, akachukua mabaki ya waya wa ile seti, akakwangua uzi mmoja. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe.

"Kaka, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hii ni aluminiamu imepakwa shaba. Halafu tazama ganda."

Akaukata ukawa kama kikombe: plastiki nene pande zote, nyuzi katikati unene wa penseli ya mtoto. Kwa macho waya ulionekana mkubwa kuliko wote dukani.

Tukapima huku besi inapiga. Kwenye betri volti 13.9. Kwenye amplifaya 12.1. Volti 1.8 zinaliwa njiani na kugeuka joto. Kishikio cha fyuzi cha ile seti kilikuwa na moto wa kuchoma kidole, plastiki imeanza kuwa kahawia.

Nimeng'oa waya wote wa umeme na kishikio. Nimenunua waya wa mashine ya kulehemu wa mm 25 za mraba, shaba tupu, laini, unapinda kama kamba: mita 6 kwa 13,000, jumla 78,000. Ukwangue na huo pia kabla ya kulipa, hata wa kulehemu siku hizi upo wa aluminiamu. Vichwa vinne vya shaba 6,000, kishikio kizuri na fyuzi ya ampea 60 ni 18,000.

Waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye bodi, nao ulikuwa na kasoro. Niliufunga kwenye bolti ya siti, na chini ya bolti kuna rangi. Rangi haipitishi umeme. Tumetafuta bati nene la bodi nyuma, sm 35 kutoka kwenye amplifaya, tukakwangua kwa msasa hadi chuma king'ae kama kijiko, tukafunga kwa bolti na washa ya meno, kisha tukapaka grisi juu ili kutu isiingie. Ethi iwe fupi na iwe nene sawa na waya mkuu. Ampea zilizoingia ndizo zinazorudi.

Kupima tena: betri 13.8, amplifaya 13.5. Taa za mbele zinatikisika kidogo sana gari likiwa limesimama, likitembea hazitikisiki. Kwa mara ya kwanza nimelisikia lile gitaa.

5 Oktoba 2024

Leo sitaandika juu ya sauti.

Boksi nilikuwa nimeliweka kona ya kulia nyuma ya siti, limekaa juu ya kapeti, na amplifaya nimeifunga kwa skrubu juu ya boksi lenyewe. Kufunga kwenye bodi nilikuwa naahirisha. Lilikuwa zito, halisogei kwa mkono, nikaona linatosha.

Tukiwa tunarudi kutoka Kasulu, mbuzi wawili wakakata barabara. Nilikanyaga breki yote. Nikasikia kishindo nyuma, muziki ukakata, na mwanangu wa miaka 7 aliyekaa siti ya nyuma akauliza, "Baba, nani kanipiga?"

Hakuumia. Boksi lilikuwa limeteleza likagonga mgongo wa siti, na siti ikampiga yeye. Boksi na spika vina kilo 17. Sikuwa na mwendo mkubwa na sikugonga kitu. Gari likigonga na kusimama ghafla, kilo 17 hazibaki 17, zinakuja na uzito wa mamia ya kilo kwa sekunde ile, na siti ya Probox iliyokunjika mara elfu kwa ajili ya magunia siyo ukuta.

Halikuwa hilo tu. Boksi lilipoteleza lilivuta waya mkuu ukachomoka kwenye amplifaya, na ncha yake ikagusa chuma cha siti. Nilikuta alama nyeusi kwenye chuma, duara la ukubwa wa ukucha. Fyuzi ya ampea 60 karibu na betri ilikatika palepale. Kama ingekuwa nyuma karibu na amplifaya, kama nilivyoona wengine wanavyoiweka kwa kuwa ni rahisi kuifikia, waya wote wenye umeme wa betri ungekuwa umegusa bodi chini ya miguu ya watoto wangu, na hakuna cha kuukata.

Nimelitoa boksi lote ndani ya gari. Halirudi mpaka limefungwa.

13 Oktoba 2024

Fundi alishika drili akataka kutoboa sakafu pale boksi linapokaa, bolti nne, dakika kumi. Nikamwomba asubiri, nikaingia chini ya gari na tochi. Hapo juu ya kichwa changu, vidole viwili kutoka alipoweka alama, yamepita mabomba mawili, la breki ya nyuma na la petroli. Nilimwita naye akaingia, akatoka, akaiweka drili chini bila kusema neno.

Suluhisho lilikuwa machoni petu. Sakafu ya Probox ina vipete vya kufungia mizigo, na kila kimoja kimeshikwa na bolti iliyoingia kwenye chuma kilichoimarishwa kiwandani. Tumefungua viwili vya upande wa kulia, tukatumia matundu yaleyale. Chuma cha kona cha mm 40, unene mm 4, vipande viwili, vimekatwa na kutobolewa kwa fundi kulehemu, pamoja na bolti na washa 14,000. Upande mmoja wa chuma umeshikwa na bolti ya kipete, upande wa pili umeshika ubavu wa boksi.

Kwenye boksi usitumie skrubu. MDF haina nyuzi kama mninga, skrubu iliyovutwa mara nyingi inatoka na unga wake. Nimefungua spika, nikapitisha bolti za mm 8 kutoka ndani kwenda nje, ndani nimeweka washa pana za mm 30 ili nguvu isambae, na silikoni kuzunguka kila tundu. Kisha nikarudia jaribio la koni na udi. Safi.

Amplifaya imeshuka kutoka juu ya boksi na haitarudi huko. Mtetemo ulikuwa umeshalegeza skrubu zake mbili kati ya nne. Sasa iko kwenye ubavu wa kushoto juu ya kipande cha plaiwudi, mapezi yake yamesimama wima ili joto lipande, sm 20 juu ya sakafu ili maji ya mizigo yasiifikie. Chini ya miguu yake nimeweka vipande vya kandambili iliyokatika. Mbele yake wavu wa waya, usiogusa, ili gunia lisiiegemee na kuizibia hewa. Dagaa wakavu wana vumbi; kila Jumapili napitisha brashi.

Jaribio: uwanja mtupu, watoto nyumbani, kilomita 40 kwa saa, breki yote. Mara tatu. Nimechora mstari wa chaki kuzunguka boksi. Halikuvuka mstari.

20 Oktoba 2024

Injini ikinguruma, kuna mluzi mwembamba kwenye spika unaopanda na kushuka na mafuta. Ni umeme wa alteneta unaingia kwenye RCA, kwa kuwa nilizilaza upande mmoja na waya mkuu, ubavu kwa ubavu mita tatu nzima. Nimezihamishia upande wa pili wa gari, na nimenunua RCA nyingine (15,000) maana zile za seti ganda lake la ndani lilikuwa nyuzi chache tu. Mluzi umekwisha. Waya mkuu upande mmoja, RCA upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zivukane kama msalaba.

27 Oktoba 2024

Kurekebisha. Kitufe cha gaini siyo cha kuongeza sauti, kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio, na ukikipindua chote sauti inapasuka na koili inaungua. Nilichomoa sabufa, nikapiga mlio wa Hz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) kutoka kwenye simu, redio robo tatu ya sauti, mita kwenye matundu ya spika ikiwa upande wa AC. Nilitaka wati 400 kwenye omu 2: 400 mara 2 ni 800, kipeuo chake cha pili ni 28.3, ndizo volti ninazozitafuta. Nikapandisha gaini polepole hadi mita iliposoma 28, nikaacha. Kichujio, kinachopitisha sauti za chini tu, Hz 80, kitufe cha kuongeza besi sifuri na kibaki hapo.

Kitufe cha fezi, kinachogeuza mwelekeo wa koni, watu hawakigusi. Kaa siti ya dereva, piga wimbo wenye besi, mwenzio abadilishe 0 na 180. Mke wangu alipoweka 180 besi ilijaa mbele yangu ghafla, kana kwamba mpigaji amehama buti akaja kukaa kwenye dashibodi. Kwenye gari lako inaweza kuwa 0. Sikiliza.

9 Novemba 2024

Mvua zimeanza. Kilomita kama 600 tangu kufunga, za lami na za vumbi la vijiji vya ndani ya Kasulu. Bolti mbili za vipete nimezikaza robo mzunguko zaidi, nyingine hazikusogea. Ethi kavu, haina kutu. Kingo za boksi hazijavimba.

Kibao cha namba nyuma kilikuwa kinalia kwenye noti za chini. Kandambili ileile imetoa vipande viwili vya kukikalisha. Ubavu wa mlango wa nyuma bado unanguruma kidogo, nitaufungua baada ya msimu huu wa giza la mwezi.

Jumla hadi leo ni 565,000, ndani yake 40,000 za ile seti ya nyaya. Leo asubuhi, njia ya kwenda Kibirizi, vioo juu, sauti ya chini ya kuzungumza, nilihesabu noti nane za besi kabla mwimbaji hajaingia.